Muuguzi anayeanza kazi ni wa nani? Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya mafunzo na ajira za wauguzi

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya afya,
Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI,
Kwa viongozi wa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania na wa NACTVET (Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi),
Kwa wakuu wa vyuo vya uuguzi, waganga wafawidhi na wauguzi wafawidhi wa hospitali zinazopokea wanafunzi.

YAH: HALI YA WANAFUNZI WA UUGUZI NA WAUGUZI WANAOANZA KAZI

Waheshimiwa na ndugu viongozi, nawasalimu kwa heshima.

Mimi ni muuguzi mkunga wa siku nyingi. Nafanya kazi wodi ya wazazi katika hospitali ya serikali, na kwa miaka mingi nimekuwa nikipokea wanafunzi wanaokuja kujifunza kwa vitendo na wahitimu wanaokuja kujitolea. Nayaandika haya hadharani baada ya njia za ndani kukwama. Nilisema kwenye vikao vya idara. Niliandika barua kupitia kwa mkuu wangu wa kazi, kama utaratibu wa utumishi unavyotaka. Majibu niliyopata yalikuwa ya mdomo: jambo lako liko mezani, linafanyiwa kazi, tusubiri bajeti. Ofisi nilizoziandikia sitazitaja. Sina ugomvi na mtu, na baadhi ya waliokalia viti hivyo wamekwishahamishwa. Tatizo limebaki palepale.

Tatizo lenyewe ni hili. Kuanzia siku kijana anapojaza fomu ya chuo mpaka siku anapopokea mshahara wa kwanza, hakuna ofisi moja inayomhesabu kuwa ni wake. Akiwa wodini, chuo kinasema yuko chini ya hospitali, na hospitali inasema ni wa chuo. Akishahitimu, chuo kimemalizana naye, na mwajiri hamjui mpaka jina lake litoke kwenye orodha ya kupangiwa vituo. Katika muda wote huo anagusa wagonjwa, anachoma sindano, anazalisha, anafunga maiti. Sisi tulio wodini tunajua wazi kwamba bila yeye zamu nyingi zisingesogea.

Naomba mnivumilie niyapange moja baada ya jingine.

1. Wazazi wanalipa kabla ya kuambiwa ukweli

Sifa za kujiunga na stashahada ya uuguzi na ukunga hazijafichwa. Zimo kwenye mwongozo wa udahili wa NACTVET: ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini katika kidato cha nne, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia, huku Hisabati na Kiingereza vikimwongezea mwombaji nafasi. Lakini mzazi wa kijijini hasomi mwongozo. Anamsikiliza wakala aliyefika na fomu mkononi, anayemwambia Fizikia si lazima, watajua la kufanya. Nimezungumza na wazazi waliouza ng'ombe, na mmoja aliyeuza shamba la mpunga, kwa ahadi ya namna hiyo. Mtoto anasoma muhula mzima, uhakiki unakuja, jina halimo, na wakala hapokei tena simu.

Hata kwa aliyetimiza sifa, ada iliyoandikwa kwenye fomu ya kujiunga si ada yote. Baada ya kuripoti yanaanza mengine: sare, logibuku (daftari la kusainiwa mazoezi ya wodini), bima, michango ya mitihani, malipo ya kwenda kufanyia mazoezi hospitali fulani, nauli ya kufika huko na chumba cha kupanga. Binti mmoja alikuja kwangu akiwa amekula mara moja kwa siku tangu aanze mzunguko wa wodi, kwa sababu hela ya chakula ilikwenda kwenye kodi ya chumba ambacho chuo hakikumwambia kuwa atakihitaji.

Vyuo vyetu vingi vya zamani vilizaliwa ubavuni mwa hospitali. Mvumi, Kolandoto, Sumve, Ndanda, Peramiho, Nkinga: mwanafunzi wa huko wodi ilikuwa mlango wa pili. Sisemi vyuo visivyo na hospitali vifungwe, maana nchi inahitaji wauguzi na hospitali za misheni peke yake hazitoshi. Nasema chuo kama hicho kimwambie mzazi kabla hajalipa: mtoto wako atafanyia mazoezi hospitali gani, atakuwa na wenzake wangapi, atalala wapi, na nani atamsimamia.

2. Wodi zimejaa wanafunzi, mwalimu hayupo

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo na mgonjwa anapoumia.

Ziko asubuhi tunakabidhiana wodi huku wanafunzi wa vyuo vitatu wamejipanga ukutani. Kitanda kimoja kinazungukwa na vijana wanane au kumi. Mama yuko kwenye uchungu, na kila mmoja wao anatafuta sahihi ya kuonyesha kwamba amepima njia ya uzazi. Uchungu ukienda vizuri, njia hupimwa kila baada ya saa nne, na sababu moja kubwa ni kwamba kila kipimo kinaongeza hatari ya kupeleka maambukizi ndani. Sasa mama anapimwa na mmoja, anarudiwa na wa pili, anakuja wa tatu, na hakuna aliyemwomba ruhusa. Huyo mama akirudi kijijini anasema nini kuhusu kujifungulia hospitali? Tunatumia nguvu kubwa kuwahimiza wanawake wasijifungulie nyumbani, kisha tunawavua heshima yao mbele ya umati.

Mchana wanafunzi hao wanageuzwa matarishi. Peleka sampuli maabara, kafuate mtungi wa oksijeni, sukuma machela mochwari, kamwite fundi. Hakuna kazi ya aibu hospitalini, na machela nasukuma mimi mwenyewe mpaka leo. Lakini mwanafunzi aliyekaa wodini wiki kadhaa bila kuhesabu pumzi za mgonjwa dakika nzima, mbele ya mtu anayejua kuhesabu, huyo hajafundishwa. Amehudhuria tu. Ijumaa inchaji, yaani muuguzi msimamizi wa wodi, anakalishwa mezani na rundo la logibuku, anasaini mambo ambayo hakuyaona yakifanyika, kwa sababu mzunguko umeisha na basi la chuo linangoja nje. Mwalimu wa chuo wengi wanamwona siku ya kuletwa na siku ya kuchukuliwa.

Usiku mambo hugeuka. Yule aliyekuwa tarishi mchana anakuwa muuguzi kamili. Muuguzi mwenye leseni ni mmoja, wodi ni mbili, na anayebaki na wagonjwa upande wa pili ni mwanafunzi. Niwape mfano mmoja tu wa uzito wa jambo hili. Mama mwenye kifafa cha mimba anapewa magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege. Kabla ya kila dozi inayofuata ni lazima kuhakikisha mambo matatu: anapumua angalau mara 16 kwa dakika, goti linaruka likigongwa, na mkojo haujashuka chini ya mililita 30 kwa saa katika saa nne zilizopita. Mojawapo likikosekana, dozi inasimamishwa, na kalsiamu glukoneti, dawa ya kuondoa sumu yake, inatakiwa iwe karibu. Mwanafunzi aliyeachwa peke yake saa tisa usiku, ambaye hakuna aliyewahi kumshikia mkono akagonga goti la mgonjwa, anawekwa mahali pa kuua mtu bila kujua. Akiua, tutamwita mzembe.

Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 inataka anayefanya kazi hii awe amesajiliwa na ana leseni. Mwanafunzi hana. Kumpa wodi usiku bila msimamizi ni kumweka nje ya sheria, na aliyemweka huko ni mtu mzima mwenye cheo.

3. Sindano, damu na homa ya ini

Chanjo ya homa ya ini B hutolewa mara tatu: siku ya kwanza, baada ya mwezi mmoja, na mwezi wa sita. Maana yake, mwanafunzi asipoanza chanjo mara tu anapofika chuoni, ataingia wodini bila kinga kamili. Kwa mtu asiyechanjwa, kuchomwa na sindano yenye damu ya mgonjwa wa homa ya ini B kunaweza kumwambukiza kwa uwezekano unaofika hadi asilimia 30, kutegemea wingi wa virusi kwa mgonjwa. Kwa VVU ni karibu watu 3 kwa kila 1,000 wanaochomwa. Tunaiogopa VVU, na ni sawa kuiogopa, lakini tunawaacha vijana wazi kwa ugonjwa ambao chanjo yake ipo.

Niulize swali ambalo sijapata jibu lake: chanjo hiyo analipa nani? Vyuo vinaielekezea hospitali, hospitali inavielekezea vyuo, mwanafunzi anaambiwa akajilipie. Anayetoka familia maskini hajilipii.

Kisha kuna woga. Mwanafunzi akichomwa anaficha, kwa sababu aliyemtangulia aligombezwa mbele ya wodi nzima: kwa nini ulirudishia mfuniko wa sindano, ulifundishwa wapi wewe? Dawa za kuzuia VVU baada ya kuchomwa (PEP) zinatakiwa zianze mapema kabisa, ndani ya saa 72, na zinamezwa siku 28. Aliyechomwa Alhamisi akaficha mpaka Jumatatu amekwishapitwa. Wodi ambamo kijana anaogopa kusema "nimechomwa" ni wodi ya hatari, hata kama sakafu yake inang'aa.

4. Kujitolea kusiko na mwisho

Mhitimu wa shahada ya uuguzi ana mwaka wake wa utarajali. Anapangiwa hospitali, anasimamiwa, anapata posho. Mhitimu wa stashahada au astashahada, ambaye ndiye tunayemwona wodini, kwenye vituo vya afya na zahanati, hana daraja la namna hiyo. Anahitimu, anafanya mtihani wa Baraza, anapata leseni kwa hela ya kukopa, kisha anakaa. Anajaza maombi kwenye Ajira Portal, anaitwa usaili, anasafiri, anarudi, anasubiri. Ili mikono isisahau kazi, anakwenda hospitali ya karibu kuomba kujitolea.

Foleni hii haikuanza jana. Mwaka 2016 ajira mpya serikalini zilisimamishwa kupisha uhakiki wa watumishi hewa, na Aprili 2017 ikatolewa orodha ya watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Uhakiki ulikuwa na sababu zake. Lakini waliohitimu miaka ile walianza kurundikana, na kila mwaka vyuo vikaongeza wengine juu yao. Ajira zilipofunguliwa tena zilichukua baadhi. Waliobaki wengi wamefika umri wa kulea watoto wakiwa bado wanaitwa wa kujitolea.

Anayejitolea anaandikwa kwenye ratiba ya zamu sawa na mimi. Anaingia usiku, anaingia Krismasi na Idi. Hana mkataba, hana nauli, hana bima. Akiugua kwa ugonjwa alioupata wodini anajitibu. Likitokea jambo baya kwa mgonjwa, leseni yake ndiyo inayobanwa, kwa sababu kisheria yeye ni muuguzi kamili anayewajibika kwa alichokifanya. Akihitaji ulinzi wa mwajiri anaambiwa: wewe si mtumishi wetu. Nimesikia kwa masikio yangu kijana akiambiwa hivyo, baada ya kuhudumia wodi ile kwa muda mrefu kuliko mganga aliyemwambia.

Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2020, mwaka uliotengwa duniani kote kuwa wa wauguzi na wakunga, kwamba dunia inapungukiwa wauguzi milioni 5.9, na karibu upungufu wote uko katika nchi kama yetu. Sisi upungufu tunao, na wauguzi waliosomeshwa tunao, wamekaa nyumbani au wanauza vocha. Wengine wamevua leseni kichwani mwao kabisa. Kila mmoja aliyekata tamaa ni ada ya mzazi, muda wa walimu na vitanda vya hospitali za umma vilivyotumika kumfundishia, vyote vimepotea.

5. Kituo cha kwanza

Anayebahatika kupangiwa kituo hupelekwa mara nyingi zahanati ya mbali. Sina tatizo na hilo, wananchi wa huko ndio wenye uhitaji. Tatizo langu ni kwamba anafika bila mafunzo elekezi, posho ya kujikimu haijaingia, mshahara unachelewa kwa sababu taarifa zake hazijakamilika kwenye mfumo, na wiki ya pili anaachiwa kituo peke yake kwa kuwa mwenzake amekwenda semina. Mama mwenye kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua hamsubiri mgeni azoee mazingira. Wiki chache katika hospitali ya wilaya kabla ya kwenda zahanati, akiwa chini ya mkunga mzoefu, zingeokoa maisha ya mama na zingemwokoa kijana mwenyewe na jeraha la moyo ambalo wengine hawaponi.

6. Namna tunavyosema nao

Wananchi wanalalamikia lugha ya wauguzi, na mara nyingi wana haki. Naomba tutazame inafundishwa wapi. Kijana anaingia wodini akiwa na adabu ya nyumbani kwao, anamwamkia kila mgonjwa. Anamsikia mkubwa wake akimfokea mama aliye kwenye uchungu. Anafokewa na yeye. Baada ya mwaka naye anafoka, na anaamini ndiyo kazi inavyofanywa. Tunaweza kubandika mabango ya huduma kwa mteja kila ukuta. Kama sisi wakubwa hatubadiliki, tutaendelea kuzalisha wauguzi wakali.

Majibu niliyokwisha kuyasikia

Nitaambiwa bajeti haitoshi. Naelewa kwamba kuajiri wote kwa mkupuo haiwezekani. Lakini mengi ninayoyaomba hayahitaji fungu jipya. Karatasi ya makubaliano kati ya hospitali na anayejitolea haina gharama. Kutomgombeza mwanafunzi anapochomwa na sindano hakuna gharama. Na hospitali zina mapato ya ndani. Ndiyo yanayolipa walinzi na wafanya usafi wa mkataba, na ni haki walipwe. Sioni kwa nini yasitoe walau nauli na chakula kwa anayekesha na wagonjwa.

Nitaambiwa uuguzi ni wito. Ni wito kweli, na naupenda mpaka leo. Lakini wito haulipi kodi ya chumba, na anayeutaja mara nyingi ni yule ambaye mshahara wake umeingia tarehe 24.

Nitaambiwa vyuo vingine ni vya binafsi na serikali haiwezi kuviingilia. Vinasajiliwa na nani? Mitaala yao inaidhinishwa na nani? Wanafunzi wao wanajifunzia kwenye miili ya wananchi katika hospitali za umma. Hapo serikali imekwishaingia.

Nitaambiwa pia na wenzangu wa rika langu: hata sisi tulipitia hayo. Mimi niliajiriwa miezi michache baada ya kumaliza chuo, na wengi wa rika langu ni hivyohivyo. Hatukupitia haya.

Kwa wanaoniuliza

Wakati ninyi viongozi mnatafakari, kuna watu siwezi kuwaacha bila jibu. Wananiuliza kanisani, sokoni, wodini wanapokuja kuona wagonjwa wao. Ninayowaambia ni haya, na kama kuna ninalokosea, naomba ofisi zenu zinisahihishe hadharani.

Kabla hujalipa hata shilingi, hakikisha chuo na kozi vimo kwenye orodha ya NACTVET, na umwombe mkuu wa chuo akuandikie gharama zote za miaka mitatu. Akikataa kuandika, ondoka. Usilipe kwa mtu, lipa kwenye akaunti ya chuo. Uliza kuhusu mkopo: tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi ya Mikopo inawakopesha pia wanafunzi wa stashahada katika baadhi ya kozi, kwa hiyo hakikisha kwanza kama kozi yako imo.

Ukiweza kumaliza stashahada, usiishie astashahada kwa sababu ya haraka ya kupata kazi. Na ukiwa stashahada chunga wastani wako tangu muhula wa kwanza, maana vyuo vikuu vinavyopokea wauguzi wa stashahada hutaka GPA isiyopungua 3.0, na bado watatazama matokeo yako ya kidato cha nne. Wengi wanalijua hili wakiwa wamekwishahitimu na 2.8.

Chanjo ya homa ya ini ianze mwezi wa kwanza. Ukichomwa sindano, osha kwa maji mengi na sabuni, usikamue, mwambie msimamizi saa ileile, uanze PEP. Akikugombeza, nenda kwa mwingine. Usikubali kutoa dawa usiyoijua kwa kuwa unaona aibu kuuliza. Sema "sijawahi kufanya hili, naomba unisimamie". Muuguzi mzuri hatakucheka.

Ukienda kujitolea, omba barua inayosema unaanza lini, unaishia lini, uko chini ya nani. Andika kila unachofanya na kila unachokiona kwenye faili la mgonjwa, na sahihi yako isomeke. Usikae mahali ambapo hujifunzi na hulipwi.

Na wewe mzazi unayeuliza kama kijana wa kiume anaweza kusomea uuguzi: anaweza, na tunawahitaji.

Tunachoomba

Waheshimiwa, naomba haya, na naamini wenzangu wengi wananiunga mkono:

Kila chuo cha uuguzi kitangaze kabla ya udahili gharama zake zote, hospitali kinazotumia, idadi ya wanafunzi na wakufunzi, na matokeo ya wahitimu wake kwenye mtihani wa Baraza.

Iwekwe idadi ya juu ya wanafunzi wanaoweza kuwa katika wodi moja kwa zamu moja, na chuo kisicho na mwalimu wodini kisiruhusiwe kuleta wanafunzi. Mwanafunzi asibaki peke yake na wagonjwa usiku, na mama yeyote aombwe ridhaa kabla ya mwanafunzi kumgusa.

Chanjo ya homa ya ini B na PEP ziwe haki ya kila mwanafunzi wa uuguzi, na iandikwe wazi nani analipa.

Kuanzishwe kipindi cha mazoezi chenye usimamizi na posho kwa wahitimu wa stashahada na astashahada, hata kama kitaanza kwa mikoa michache. Anayejitolea awe na mkataba wenye ukomo, ajulikane yuko chini ya nani, na muda aliotumikia uhesabiwe anapoomba ajira.

Hakuna muuguzi mpya anayepelekwa zahanati bila kwanza kukaa hospitali ya wilaya chini ya msimamizi.

Itajwe ofisi moja, yenye simu inayopokelewa, ambayo mwanafunzi au mhitimu anaweza kuiendea bila kuambiwa arudi alikotoka.

Naomba majibu kwa maandishi, yakitaja nani atafanya nini na lini. Kama kuna linaloshindikana, tuambiwe kwa nini linashindikana, ili tukae pamoja tutafute njia nyingine. Niko tayari kuitwa kwenye kikao chochote nieleze haya ana kwa ana, na kuja na wanafunzi wenyewe wakiruhusiwa kuzungumza bila kutishwa.

Wenu katika kazi,

Muuguzi mkunga, wodi ya wazazi
Hospitali ya serikali, Kanda ya Ziwa

Nakala kwa:
Chama cha Wauguzi Tanzania (TANNA)
Chama cha Wafanyakazi wa Serikali na Afya (TUGHE)
Wazazi na walezi wenye watoto katika vyuo vya uuguzi